Mkalimani na Njia ya Jeneza

Asubuhi ile nilitoka Ukunda bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nimemaliza kibarua cha kupaka rangi ukuta wa hoteli moja Diani, nina shati la pili, kipande cha sabuni, na hamu ya kuona jambo ambalo sijaliona. Kijana wa bodaboda aliyebeba matenga mawili ya kuku aliniuliza naenda wapi. Nikamwuliza yeye anaenda wapi. Akasema Kwale, mlimani. Nikasema basi hata mimi naenda Kwale, nikapanda nyuma na tenga moja nikalipakata.

Kule juu, baada ya kuzunguka soko mpaka nikachoka, niliona watu wakiingia katika jengo lenye bendera. Nilimwuliza askari wa langoni kama kuingia kunalipiwa. Akacheka.

"Hili ni bunge la kaunti, ndugu yangu. Ni lako. Vua tu hiyo kofia ya jua."

Sikuwahi kuambiwa kitu chochote ni changu kwa urahisi namna ile. Niliingia upesi kabla hajabadili mawazo, nikapanda ngazi hadi roshani ya wageni, nikakaa karibu na mzee mrefu aliyevaa koti jeusi juu ya kikoi. Viwiko vya koti vilikuwa vimepauka na kung'aa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza maji yakipita ndani ya bomba. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama viatu, akapanda na macho hadi usoni.

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Huyo Hakuna ni wa kwetu au wa kwao?"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mkalimani. Jina lake la nyumbani nililijua baadaye, lakini kule kwao Mwabungo sikumsikia mtu akilitumia, wala wajukuu zake. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mkalimani wa mahakama, akisimama kati ya hakimu na mashahidi, akitoa Kidigo na Kiduruma kutia katika Kiswahili na Kiingereza, kisha akirudisha. Alikuwa amestaafu kabla sijamjua. Kazi ilimwacha, ila tabia zake zilibaki naye kama harufu ya moshi kwenye nguo za mpishi.

Ya kwanza ni kwamba hakumwamini mtu. Nasema hakumwamini mtu, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana yeye mwenyewe alijisifu kwa hilo. Alikuwa akinunua mahamri kwa mama huyu leo na kwa mama yule kesho, ili pasiwe na mtu wa kujua saa zake. Chai aliinywa pale tu alipoiona ikimiminwa. Akipewa salamu ndefu alisimama akaisubiri iishe, kisha akauliza, "Na haja yenyewe?" Mara nyingi kweli palikuwa na haja, na mwenye haja aliona haya kuisema.

Alikuwa na orodha yake ya maneno ya kushuku. Mtu aliyesema "kusema kweli" alimshuku, kwa sababu, aliniambia, huyo anakujulisha kwamba maneno aliyotangulia kusema yalikuwa ya aina nyingine. Mtu aliyeapa kabla ya kuulizwa alimshuku zaidi. Aliyebabaika naye ndiye aliyemshuku kuliko wote. "Shahidi mkweli husema upesi na vibaya," alikuwa akisema. "Mwongo husema polepole, akitafuta pa kukanyaga." Nilikuja kuona kwamba hapo alikosea, na kosa hilo lilikuwa ghali.

Lakini mtu huyu asiyemwamini yeyote hakuwa na kufuli mlangoni. Mlango wake ulifungwa kwa kipande cha kamba ya katani, tena kwa nje, ili kuku wasiingie. Nilimwuliza mbona. Akanijibu kuwa kufuli humwonyesha mwizi pa kuanzia. Nikamwambia, "Lakini mzee, hata mimi naweza kuingia." Akasema, "Wewe nakushuku tayari. Sina haja ya kukushuku kwa kufuli."

Sote alituita mashahidi. "Shahidi, jana umelala wapi?" Ndivyo alivyokuwa akinisalimu kila nilipopita Mwabungo, na mimi nilipita mara nyingi, kila kibarua kilipokwisha na kingine hakijaanza. Nilimjibu ukweli, kwa kuwa uongo ungenichosha. Angeniuliza swali lile lile kesho yake, akalirudia kwa upande mwingine, kisha akanyamaza kama anayepima majibu mawili.

Tabia ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Mkalimani wa mahakama hasemi "shahidi anasema alimpiga." Husema "mimi nilimpiga." Shahidi akilia, yeye husema "mimi nalia." Miaka mingi ya kuwa watu wengine ilimwingia kinywani, akawa anafanya vile vile hata njiani. Majirani wawili waligombana kwa sababu ya kuku aliyetaga uani kwa mwenzake. Mkalimani alipita, akasimama katikati bila kuitwa, akamgeukia wa kwanza: "Mimi kuku wangu ni mjinga, hajui mpaka." Akamgeukia wa pili: "Na mimi mayai nimeshayala, nafanyaje?" Wote wawili wakaangua kicheko, hasa kwa kuwa yule wa pili alikuwa bado hajakiri kwamba ameyala. Mkalimani hakucheka. Tulipofika mbele aliniambia, "Wote wawili waongo. Kuku mwenyewe ni wa mtu wa tatu."

Alijivunia kwamba katika kazi yake hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza. Alilisema hilo mara nyingi mno, na kwa kipimo chake mwenyewe ningepaswa kumshuku. Siku moja Bi Mwanasiti, jirani yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kubeua, alinieleza mbele yake habari ya posa. Familia moja ya bara ilikuja Mwabungo kuposa, Mkalimani akaombwa atafsiri. Bibi mmoja wa upande wa binti alisema kwa Kidigo kwamba kijana ana miguu kama ya korongo. Mkalimani aliwageukia wageni akasema, "Tumefurahi kuona kijana ni mrefu."

"Ulipunguza!" Bi Mwanasiti alimsuta. "Wewe na koti lako la serikali, ulipunguza!"

"Korongo ni mrefu," alijibu, na akaangalia kando.

Wana watoto sasa, wale maharusi. Wote warefu.

Kuhusu marehemu mkewe alisema machache. Nilimwuliza mara moja kama hata yeye alikuwa akimshuku. Alifikiri kuliko nilivyomzoea. "Nilikuwa nikimwuliza mara mbili, kama watu wote. Yeye alikuwa akinijibu mara tatu. Ya tatu ilikuwa ya kunikomesha." Alizikwa katika maziara ya kale yaliyo upande wa bahari, nyuma ya vichaka vya mikadi, ile miti ya pwani yenye maua ya kunukia. Mkalimani alikuwa akienda huko kila Ijumaa kabla ya sala, kwa njia nyembamba ya mchanga inayotoka kijijini moja kwa moja. Njia hiyo watu wa Mwabungo waliita njia ya jeneza, kwa kuwa ndiyo waliyobebea maiti zao tangu zamani zisizokumbukwa mwanzo wake. Kando ya kaburi la mkewe palikuwa na nafasi moja. Baadaye alinionyesha kwa kidole, bila neno, kama mtu anavyokuonyesha kiti chake msikitini.

Sasa fikiria mtu huyu, na hofu zake zote, siku alipokwenda Ijumaa akakuta ukuta.

Kiwanja kilikuwa kimeuzwa, kikauzwa tena, na mwenye kiwanja wa sasa, ambaye hakuna aliyemwona uso, alikizungushia mawe ya matumbawe kutoka barabarani hadi ufukweni, na njia ikawa ndani. Palikuwa na lango la chuma na mlinzi kijana kutoka bara, mpole, aliyefundishwa swali moja.

"Shikamoo mzee. Unamtembelea nani?"

"Namtembelea mke wangu."

Kijana alitazama daftari lake. "Anakaa nyumba namba ngapi?"

Mkalimani alinisimulia hayo bila kukunja uso, akiwa mlinzi kisha akiwa yeye mwenyewe, sauti mbili zilizosimama wima. Hakuingia. Alirudi nyumbani akavaa lile koti jeusi, na tangu siku hiyo hakuonekana bila koti.

Baada ya hapo walifiwa na mzee mmoja wa kijiji. Jeneza ilibidi libebwe kwa kuzungukia barabara ya lami, mbele ya malango ya mahoteli, wageni wakisimama kando na kamera zao zikiwa zimeinamishwa kwa adabu. Wabebaji walibadilishana mabega mara nyingi mno. Mkalimani alitembea nyuma. Waliporudi alisema kitu kimoja tu: "Mimi sitazungushwa." Bi Mwanasiti akamwambia asijiombee kifo. Akasema hajiombei kifo, anajiombea njia.

Basi kijiji kikaandika ombi, kikalipeleka bunge la kaunti, wakitaka njia irudi kuwa ya umma. Kwa muda wa miezi Mkalimani alipanda mlimani kila palipokuwa na kikao, iwe hoja ni yetu au ya wengine, ili awajue wale watu wanaposema wasichojali, apate kuwatambua watakaposema wanachojali. Nilipomkuta roshani mara ya kwanza, hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Alishuku kila kitu mle ndani. Alishuku mashine ya baridi. "Hii ni ya makusudi. Mtu akihisi baridi hutaka mambo yaishe." Alishuku mazulia, kwa kuwa hayakumruhusu kusikia nani anatoka. Lakini aliyemshuku kuliko wote alikuwa mwakilishi wetu wa wadi, kijana wa hapo hapo Mwabungo, mwuza mbao kabla ya siasa, mtu wa kucheka na kila mtu. Alikuwa ameonekana kwenye lile lango la chuma akinywa chai na msimamizi wa kiwanja.

"Chai," Mkalimani aliniambia. "Tena ameketi."

Nilimwambia labda alikwenda kuzungumzia njia. Akasema labda, na akalitamka lile labda kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Kamati ya bunge ilipotaka majina ya wazee watakaoeleza matumizi ya njia zamani, mwakilishi alikuja nyumba kwa nyumba kuyatafuta. Mkalimani alimtangulia. Aliwaambia wazee wasimpe neno hata moja, kwani maneno yao yatafikishwa kwa mwenye ukuta kabla hayajafika mlimani. Wazee walimsikiliza. Mwakilishi aliondoka na juisi ya ukwaju tumboni na mikono mitupu. Kamati ikaandika ripoti yake kwa kile ilichopata, nacho kilikuwa kidogo.

Siku ya hoja ilipofika tulipanda mlimani mapema, mimi, Mkalimani, Bi Mwanasiti na kina mama wengine waliovaa leso sare. Askari wa roshani alitukumbusha masharti: hakuna kupiga makofi, hakuna kusema, simu zizimwe. Wajumbe waliingia. Siwa ililetwa, ile fimbo ya mamlaka, ikalazwa mahali pake mezani, sote tukasimama, dua ikasomwa. Bi Mwanasiti alininong'oneza kwamba siwa ile ikiwa haipo hata wakisema mpaka jioni ni kama wamesema sokoni. Mkalimani akasema, "Hata ikiwepo."

Mambo yetu hayakuwa ya kwanza. Palikuwa na taarifa ya mjumbe mmoja wa upande wa msitu, ambaye ndovu wameshuka tena wakala mahindi ya watu wake. Alieleza kwa uchungu hadi mwenzake akauliza kama ndovu hao wamejiandikisha kupiga kura katika wadi ipi. Walicheka, hata Spika aliuma mdomo. Bi Mwanasiti alicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, mpaka askari akamtazama. Pakaja habari ya choo cha soko, pakaja habari ya basari za wanafunzi. Mkalimani aliketi vile vile, kichwa upande.

Kisha karani akaisoma hoja: ripoti ya kamati juu ya ombi la wakazi wa Mwabungo. Mwenyekiti wa kamati alisema kwa kifupi, akakiri kwamba ushahidi ni mchache. Neno hilo lilipotamkwa nilimtazama Mkalimani. Hakunitazama. Spika akamwita mwakilishi wetu.

Kijana alisimama, akafunga kifungo cha koti. Nadhani kwa kuwa watu wa kwao walikuwa juu wamejaa, alitaka kuonekana ni mtu mkubwa. Badala ya kuanza kwa Kiswahili, kama alivyofanya siku zote, alianza hivi:

"Thenki yu, Mista Spika. Ai raizi tu sapoti."

Hapo akashusha pumzi, akatabasamu, na akaendelea kwa Kiswahili: "Mheshimiwa Spika, njia hii..."

"Hoja ya nidhamu!" Mjumbe wa upande wa pili alikuwa amesimama. "Mheshimiwa Spika, kanuni zetu zasema mjumbe amalize kwa lugha aliyoanza nayo. Mwenzangu ameanza kwa Kiingereza. Au kimemwishia?"

Ukumbi ulicheka. Spika alisubiri wanyamaze, akasema kanuni ni kanuni, mjumbe aendelee kwa lugha aliyoichagua mwenyewe.

Mwakilishi alisimama pale kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake. Mbao alizijua, Kiswahili alikijua, na Kidigo ndicho alichonyonya. Kiingereza chake kilitosha salamu.

"Unaona?" Mkalimani aliniambia kwa sauti ya chini. "Amejifunga kwa makusudi. Wamepanga. Yule atoe hoja ya nidhamu, huyu ababaike, hoja ife."

Kule chini mwakilishi alianza kubabaika kweli. Neno moja, kimya, neno jingine. Bi Mwanasiti alimvuta Mkalimani mkono wa koti. "Anasemaje? Bwana, anasemaje huyu mtoto?"

"Hasemi kitu."

"Midomo inacheza. Anasemaje?"

Nadhani asingejibu kama angeulizwa na mtu mwingine, au mahali pengine. Lakini watu walikuwa wanasema chini, na watu wa kwao hawaelewi, naye yuko katikati amevaa koti. Akaanza. Alianza kwa kunong'ona, bila kupenda, macho mbele.

"Mimi nasimama kuunga mkono. Mimi nimezaliwa karibu na njia hii. Mama yangu alinipitisha hapa nikiwa mgongoni."

Mwakilishi alikuwa akitafuta maneno moja moja, mikono ikisaidia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, na aliyekisikia peke yake angecheka. Lakini kilichokuwa kikishuka kutoka kwa Mkalimani kilikuwa kizima.

"Mimi nilikunywa chai na msimamizi wa kiwanja, nikamwomba afungue Ijumaa tu. Akakataa. Nikaenda tena. Akakataa." Hapo Mkalimani alisita kidogo, kisha akaendelea, kwa kuwa yule wa chini alikuwa ameendelea. "Mimi nilikwenda kwa wazee wangu kuomba ushahidi. Hawakunipa. Siwalaumu. Hawanijui vizuri siku hizi."

Niliona mkono wake umekamata chuma cha roshani.

"Mimi baba yangu nilimbeba kwa njia hii. Nilikuwa mbele, upande wa kulia. Nilikuwa kijana, bega halijakomaa, na mzee mmoja mwenye koti jeusi aliniambia, badilisha, mwanangu, usione haya. Sikubadilisha. Nilimfikisha baba."

Sasa hakuwa akinong'ona tena. Sauti ya mkalimani wa mahakama imefundishwa kufika hadi benchi la mwisho, nayo ilifika. Wajumbe waligeuza vichwa juu.

"Mgeni aliye roshani!" alisema Spika.

Mkalimani hakukaa. Aliwahi kunieleza mwenyewe kwamba mkalimani hanyamazi mpaka shahidi anyamaze, hata hakimu akigonga meza, kwa maana neno lililokatwa katikati ni uongo. Na shahidi, kule chini, hakuwa amenyamaza. Alikuwa anatazama juu, anasema sentensi yake ya mwisho polepole, kama anayempa nafasi.

"Mimi," alisema Mkalimani, "siombi kiwanja cha mtu. Naomba upana wa jeneza."

Askari walimshika mkono kwa heshima, mmoja akimwita baba, wakamtoa. Bi Mwanasiti alibaki amejifunika leso mdomoni. Mwakilishi alisema, kwa Kiingereza cha kutosha, kwamba amemaliza.

Spika alilihoji bunge. Wanaokubali waseme ndiyo. Sauti ilipanda. Wanaopinga waseme la. Palikuwa na "la" moja tu, dogo kama kikohozi. Ripoti ikapita: njia itambuliwe ni ya umma, ukuta ufunguliwe. Nilishuka ngazi mbio.

Mkalimani alikuwa ameketi nje kwenye ukingo wa maua. Nilimwambia imepita. Akaniuliza nani kasema ndiyo. Nikasema wengi.

"Uliwaona au uliwasikia?"

"Niliwasikia, mzee. Sauti ilijaa ukumbi."

"Sauti kubwa yaweza kutoka kwa watu wachache." Akainama, akafuta vumbi kwenye kiatu. "Ningekuwa ndani ningejua. Mimi nilitolewa."

Kina mama walifika wakipiga vigelegele, wakamweleza kila mmoja kwa namna yake. Hiyo ndiyo ikawa mbaya zaidi. Masimulizi yao yalitofautiana kidogo, kama yanavyotofautiana masimulizi ya watu wakweli, naye akayachambua mpaka hayakubaki kitu. Mwakilishi alipotoka kuja kumshika mkono, Mkalimani alimpa mkono, akasema, "Ulisema vizuri," na hakuongeza neno. Sikujua kama ni sifa au ni hesabu.

Hakungoja kuona kama ukuta utafunguliwa. Alisema kupitisha ni mdomo, kufungua ni nyundo, na yeye hana umri wa kukaa akitazama nyundo isiyokuja. Alifunga mlango kwa ile kamba, akaenda kukaa kwa binti yake Ramisi. Bi Mwanasiti alinung'unika kwa wiki nzima. "Anaogopa," aliniambia. "Huyu mtu ameogopa kuamini, sasa hajui aweke wapi mikono."

Mimi nami niliondoka, nikaenda kubeba mizigo Likoni, kisha nikalinda shamba la minazi la mtu. Niliporudi Mwabungo, msimu ulikuwa umegeuka. Bi Mwanasiti hakunisalimu hata. Alinishika mkono akanivuta hadi kwenye ukuta. Palikuwa na pengo, mawe yamepangwa pembeni vizuri, njia ya mchanga imeonekana tena na nyayo juu yake. Nilipita hadi maziarani, nikasoma Fatiha kwa jinsi nilivyofundishwa, nikarudi. Mwakilishi nilimkuta dukani kwa mbao, amerudia shati lake la kazi siku hiyo. Alinipa salamu.

Kesho yake nikaenda Ramisi. Sikuwa nimewahi kufika huko. Miwa pande zote, mirefu kuliko mtu, na harufu tamu iliyochacha iliyonifuata njiani. Niliuliza nyumba ya binti wa Mkalimani, nikaelekezwa na wakataji waliokuwa wanarudi na mapanga mabegani. Jua lilikuwa linainama nilipobisha hodi. Alikuwa barazani, amekonda, koti limemzidi mabega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Njia imefunguliwa."

Binti yake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mkalimani hakusogea.

"Umeona au umesikia?"

"Nimepita mwenyewe. Nimefika hadi kwa mama."

"Pana upana gani?"

"Wabebaji wanapita pande zote mbili."

"Jeneza umelipitisha?"

"Hapana, mzee. Hakuna aliyefariki."

"Basi hujui." Kuku walikuwa wanapanda kulala. "Nani mwingine?"

"Mwakilishi anakusalimu."

"Alisema nini? Usiongeze."

"Alisema: mwambie mzee, Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri kama siku ile alipokisema yeye kwa Kiswahili."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona, kitu kati ya kupiga chafya na kucheka. Alitoa kitambaa akajifuta macho, akasingizia moshi wa jikoni.

"Hilo naliamini," alisema. "Hilo mtu hawezi kulitunga." Akamgeukia binti yake. "Mpe chakula. Atalala kitandani kwangu. Alfajiri tunakwenda Mwabungo, mimi na yeye, nikapite."

Nilisema nitalala hata barazani, hakusikia. Tulikula wali wa nazi na mchicha, akaswali isha, na kabla binti yake hajazima taa ya sebuleni akachukua mkeka, akautandika mlangoni kwa ndani, kutoka mwimo hadi mwimo, akalala juu yake na koti lake.

"Mzee, kitanda ni chako. Mimi sitatoroka."

"Nimesikia," alisema, akanyoosha miguu mpaka ikagusa mlango.